Bundi wa Mchezo na Bundi wa Juu ya Paa



Mwezi huu twataka kuzungumza nanyi khabari za ndege wawili. Wa kwanza hayupo duniani wala hakupata kuwako. Ametungwa na watu wa Japani kwa ajili ya mchezo, na watoto wetu wamemjua kwa njia ya simu. Wa pili yupo, ameumbwa na Mwenyezi Mungu, na usiku hupita juu ya mapaa yetu hapa Nachingwea na Ruangwa. Wote wawili ni bundi. Tumewakusanya pamoja kwa sababu ya jambo lililotokea katika kijiji kimoja kilichoko baina ya wilaya hizi mbili. Na katika kosa lililofanyika, sisi tuliopewa dhamana ya kufundisha tulikuwa na fungu letu.

Picha ya nyuma ya daftari

Siku moja baada ya sala ya Alasiri tulikuwa chuoni tukitazama madaftari ya watoto, kuona nani ameandika herufi zake vizuri na nani amezipotosha. Katika daftari la mtoto mmoja, umri wake yapata miaka kumi, tulikuta kwenye jalada la nyuma picha ya ndege iliyochorwa kwa kalamu ya risasi. Mwili wake wa mviringo kama boga, macho yake makubwa kupita kiasi, naye amesimama kwa mguu mmoja.

Tukamwuliza, "Huyu ni ndege gani?"

Akajibu, "Ni Hoothoot, Maalim."

"Anakaa mwitu gani?"

"Hakai mwituni, Maalim. Anakaa katika simu ya kaka."

Wenziwe wakacheka, nasi tukaona haya kwa kutojua, na haya ile ikageuka ghadhabu. Tukamwamuru alichane lile jalada, kisha tukampa ujumbe amwite baba yake.

Baba alikuja jioni ile ile. Alitusikiliza, kisha akasema, "Maalim, umenifanyia hisani. Simu ile nitaichukua leo. Bundi ni ndege wa nuksi. Hata picha yake haifai kuingia katika nyumba ya watu, sembuse mimi ambaye nina mtoto mdogo ana homa tangu juzi."

Hapa ndipo tulipokosa. Mzazi huyu hakuukataza mchezo kwa sababu ya wakati unaopotea, wala kwa sababu ya sala zinazocheleweshwa. Aliukataza kwa kuogopa nuksi ya bundi. Sisi tuliyasikia maneno yale, tukajua kuwa ni maneno ya kijahiliya, nasi tukanyamaza. Tulitikisa kichwa kama mtu anayekubali, kwa kuwa tulifurahi kuwa shauri letu limepata mwenye kulifuata.

Haukupita usiku wa pili ila bundi alilia juu ya mwembe wa bibi mmoja mjane, jirani wa mzee yule. Asubuhi maneno yakaenea kisimani na gengeni: bundi amelia, na nyumba ya pili yuko mtoto mgonjwa, bibi huyu anaishi peke yake, na ndege yule hakauki kwake, basi ndege ni wake, naye ndiye anayemtuma. Vijana wakashika manati na mawe. Walipopita mbele ya baraza yetu wakatuuliza kama iko dhambi kumpiga bundi. Tukawaambia, "Huyo si ndege wa kufugwa," kisha tukarudisha macho katika kitabu chetu. Jawabu lile halikuwa la halali wala la haramu. Lilikuwa ni la kukwepa.

Bundi alivunjika bawa akaanguka. Wale vijana walipokwenda zao, mtoto wa daftari alimfunika kwa shati kuukuu, akatuletea chuoni. Akasimama mlangoni, akasema, "Maalim, yule wa simu ulinikataza kwa kuwa ni wa uongo. Huyu ni wa kweli, Mungu kamwumba. Yeye amekosa nini?"

Hatukuwa na jawabu. Ndege alikufa kabla ya Magharibi. Mtoto mgonjwa alipelekwa zahanati, akapimwa, akakutwa na malaria, akapewa dawa. Baada ya siku chache alikuwa akicheza uani. Lakini yule bibi hakuna aliyemrudishia heshima yake. Watu walimkwepa kisimani, salamu zake zikaitikiwa kwa nusu ya mdomo, hata mwisho akaacha kuhudhuria hitima na maulidi.

Swali la mtoto lilitunyima usingizi. Tulifungua vitabu, tukawauliza wanaojua, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Bundi wa mchezo ni nani?

Mchezo anaotoka ndege huyu waitwa Pokémon. Ulitolewa Japani na kampuni ya Nintendo mwaka 1996, ukichezwa katika chombo kidogo cha mkononi kilichoitwa Game Boy. Siku hizi watu huuhamishia hata katika simu. Aliyeubuni ni Satoshi Tajiri, ambaye utotoni alipenda mno kutafuta na kukusanya wadudu. Mji ulipotambaa ukayafunika mashamba na mabwawa aliyoyajua, akatamani watoto wa mjini nao waonje furaha ile. Jina Pokémon ni ufupisho wa maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya madubwana ya mfukoni. Mchezaji hutembea katika nchi ya kubuni, akikutana na kiumbe humkamata, humlea, na humpambanisha na viumbe wa wengine. Mwanzo viumbe walikuwa 151; mwaka 1999 wakaongezwa 100; na leo wamepita 1,000.

Hoothoot ni katika wale 100 wa mwaka 1999, na nambari yake katika orodha ni 163. Waliomtunga walimtazama bundi wa kweli, kisha wakazidisha ya kwao. Hutokea usiku, kama bundi. Husimama kwa mguu mmoja, na akitaka kubadili mguu hubadili upesi hata jicho lisione. Juu ya macho yake pana alama mfano wa mishale ya saa, kwa kuwa wamemfanya kuwa ni ndege anayehisi mzunguko wa dunia, na kwa hisi hiyo hulia saa ile ile kila siku bila ya kukosea. Akiisha kupata nguvu katika mapambano hugeuka bundi mkubwa aitwaye Noctowl.

Jambo moja hapa lastahiki kuzingatiwa. Watu wa Japani wengi hawamhesabu bundi kuwa ni mkosi, bali humhesabu kuwa ni bahati. Maana jina lake kwa lugha yao, fukurō, laweza kusikika kama maneno yenye maana ya kutokuwa na taabu. Kwa ajili hiyo huchonga sanamu ndogo za bundi, wakaziuza, na watu wakaziweka majumbani kutarajia kheri. Ndege ni yule yule: kule ni bahati, huku kwetu ni nuksi. Lau kheri au shari ingekuwa kweli imo katika sauti yake, isingebadilika kwa kuvuka bahari. Wao wamekosa kwa kumtarajia, nasi tumekosa kwa kumwogopa.

Je, mchezo huu una ubaya?

Hatusemi kuwa mchezo huu hauna neno. Mwaka 2001 wanavyuoni wakubwa wa Saudi Arabia walitoa fatwa ya kuukataza. Walitaja kufanana kwake na kamari, walitaja alama za dini nyingine walizoziona ndani yake, na walitaja fikra ya viumbe kugeuka kutoka umbo hata umbo. Katika siku zile zile ulienea katika nchi za Kiarabu uvumi kuwa jina la mchezo lina maana ya siri ya kuupinga Uislamu. Uvumi ule haukuwa kweli. Maana ya jina ni ile tuliyokwisha kuieleza. Twalitaja hili makusudi, kwa kuwa katika Suratul Hujurat tumeamrishwa kuihakikisha khabari kabla ya kuifuata, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Amri hiyo haikubagua khabari ya kitu tunachokipenda na khabari ya kitu tusichokipenda.

Sisi si watu wa kutoa fatwa. Tu walimu wa chuo tu. Mzazi na awafuate wanavyuoni anaowaamini. Lakini yaliyo dhahiri hayahitaji fatwa. Mchezo ukimpitisha mtoto wakati wa sala, hapo una ubaya. Watoto wakiwekeana fedha kwa mshindi, hiyo ni kamari, na kamari ni haramu iwe ya karata, ya mpira au ya simu. Fedha ya daftari ikinunuliwa vocha ya mchezo, hiyo ni israfu. Na mtoto akikesha na simu mkononi hata asubuhi asinzie darasani, mzazi ndiye wa kuulizwa kwanza, kwa kuwa simu haikujileta yenyewe nyumbani.

Pamoja na hayo yafaa tukumbuke hadithi aliyoipokea Abu Dawud. Bwana Mtume s.a.w. aliona katika vitu vya mchezo vya Bibi Aisha r.a. farasi aliyetiwa mbawa mbili za vipande vya nguo. Akamwuliza: farasi ana mbawa? Bibi Aisha akamkumbusha kuwa imesikika ya kwamba Nabii Sulaiman a.s. alikuwa na farasi wenye mbawa. Bwana Mtume akacheka hata magego yake yakaonekana. Hakughadhibika, wala hakumwamuru akichane, kama tulivyofanya sisi. Alimwuliza kwanza, akamsikiliza, akacheka naye.

Mtoto wetu alijua vyema kuwa ndege wake ni wa mchezo. Tulipomwuliza anakaa wapi, alijibu bila ya kusita: katika simu. Hakumwogopa, hakumwomba kheri, wala hakugeuza njia kwa ajili yake. Sisi wakubwa tumefanya zaidi. Tumemchukua bundi wa kweli, tukamvika sifa tulizozitunga wenyewe, ya kwamba anajua nani atakufa, na ya kwamba binadamu humtuma usiku kama mtu anavyotuma tarishi. Kisha tukasahau kuwa tumetunga, tukaamini. Kati ya yule aliyetunga akajua kuwa ametunga, na yule aliyetunga akasahau, ni yupi aliye katika khatari kubwa zaidi?

Ndege wa Waarabu wa Jahiliya

Maradhi haya si mapya. Waarabu kabla ya Uislamu walikuwa mtu akitaka kusafiri humfukuza ndege kwanza. Akiruka kuliani alikwenda safari yake, akiruka kushotoni aliahirisha. Jambo hili waliliita tiyara, neno lililotoka katika neno lao la ndege. Walikuwa pia na ndege wa kutunga waliyemwita hama. Walidai kuwa mtu akiuawa na kisasi chake kisilipwe, hutoka ndege katika kichwa chake, akawa analia juu ya kaburi akitaka kunyweshwa, hata kisasi kilipwe. Wengine wakasema kuwa hama ni bundi, akitua juu ya nyumba ya mtu humpa khabari ya mauti yake au ya mtu wake.

Angalieni, ndugu zetu, jinsi itikadi hii inavyofanana na ile tunayoisikia hapa kwetu, ilhali baina yetu na Waarabu wale ipo miaka zaidi ya 1,400. Na katika hadithi sahihi walizozipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira r.a., Bwana Mtume s.a.w. aliikanusha tiyara, akaikanusha na hama kwa jina lake. Basi mwenye kusema leo kuwa bundi huleta mauti anakirudisha kitu ambacho Mtume wake alikwisha kukitupa.

Qurani nayo imetusimulia watu waliokuwa na desturi hii, na wote ni watu waliowapinga Mitume. Watu wa Firauni walipopatwa na baa walisema ni kwa nuksi ya Nabii Musa a.s. na waliokuwa naye. Thamudi walisema hivyo juu ya Nabii Saleh a.s. Na watu wa mji uliotajwa katika Suratu Yasin, sura tunayoisoma kila siku juu ya wagonjwa na maiti wetu, waliwaambia wajumbe kuwa wamewaona ni nuksi. Wakajibiwa kuwa nuksi yao wanayo wenyewe. Twaisoma sura ile pembeni ya kitanda cha mgonjwa, kisha tukitoka nje tukasikia bundi twatafuta jiwe!

Labda mtu atasema: mimi sitaki kuamini, lakini nikimsikia moyo hunidunda. Naye hakuachwa bila ya jawabu. Katika hadithi aliyoipokea Muslim, Muawiya bin Al-Hakam r.a. alimwuliza Bwana Mtume s.a.w. juu ya watu wanaofuata ishara za ndege. Mtume akamfahamisha kuwa hilo ni jambo wanaloliona vifuani mwao, basi lisiwazuie. Khofu inayopita moyoni bila ya kuitwa si dhambi. Kosa ni kuitii. Moyo ukidunda, mkumbuke Mola wako, umtegemee, kisha uendelee na shughuli yako.

Bundi alivyoumbwa

Tukiondoa yale tuliyomvika, hubaki bundi aliyeumbwa na Mwenyezi Mungu. Na huyu ni wa ajabu kuliko yule wa mchezo.

Aliye karibu zaidi na watu ni yule mwenye uso mweupe wenye umbo la moyo. Yeye halii kwa mlio wa kuguna kama bundi wengine, bali hupiga ukelele mkali wa kukwaruza, na ukelele huo ndio unaowatia watu khofu. Macho ya bundi hayazunguki katika matundu yake kama yetu, basi amepewa shingo yenye mifupa 14, ilhali ya mwanadamu ina 7, naye huweza kugeuza kichwa chake robo tatu ya duara. Masikio yake hayakulingana: moja liko juu kidogo kuliko la pili, na kwa tofauti hiyo hujua panya yuko wapi hasa katika giza totoro, kwa mchakacho wa majani tu. Manyoya ya mbawa zake yana ncha laini zinazovunja upepo, hata hupita juu ya kichwa chako usisikie kitu. Watu wa mchezo walimpa bundi wao saa ya kutunga; Mola amempa huyu wa kweli mizani ya masikio ambayo hakuna fundi aliyemchongea.

Na chakula chake ni nini? Aghalabu ni panya. Bundi mmoja mzima hula panya watatu au wanne kwa usiku, na akiwa na makinda huwinda zaidi ya hapo. Wakulima wa Nachingwea na Ruangwa hawahitaji kuelezwa panya ni nani. Huyu ndiye anayefukua mbegu za mahindi kabla hazijachipua, huingia katika ghala za ufuta, mbaazi na karanga, na hutoboa magunia. Jike la panya wa shamba hubeba mimba kiasi cha siku 23 tu, na huweza kuzaa watoto zaidi ya kumi kwa mara moja. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wamekuwa wakichunguza panya hawa kwa miaka mingi kwa sababu ya khasara wanayoitia nchi. Wala khasara si ya chakula peke yake. Katika Wilaya ya Lushoto tauni ilizuka mwaka 1980 ikarejea mara kwa mara katika miaka iliyofuata, na wachukuzi wa tauni ni panya na viroboto wao.

Wenzetu wengine wamekwisha kulifahamu hili. Malaysia, nchi yenye Waislamu wengi, wenye mashamba ya michikichi huwajengea bundi visanduku vya kutagia juu ya miti, wapate kuwala panya wanaoharibu chikichi. Jordan nako, ambako watu wengi walimhesabu bundi kuwa ni mkosi kama sisi, wakulima walianza kuweka visanduku kama hivyo mashambani tangu mwaka 2002. Sisi tumeletewa mlinzi bila ya mshahara, nasi twampokea kwa manati.

Sasa tulijibu swali linaloulizwa kila mara: mbona bundi hulia hasa kwenye nyumba ya mgonjwa? Jibu ni kwamba hulia kila mahali, lakini katika nyumba ya mgonjwa watu hawakulala. Katika nyumba nyingine bundi amelia wenyewe wakikoroma. Tena taa ikiwaka usiku kucha huvuta wadudu, na makombo ya wageni wanaokuja kumtazama mgonjwa huvuta panya, naye bundi hufuata chakula chake. Kisha bundi akilia masiku mia na asife mtu, hakuna anayehesabu. Akilia usiku mmoja na asubuhi pakawa na msiba, usiku huo hukumbukwa miaka 20. Hesabu ya namna hii haikubaliwi dukani, basi vipi tuikubali katika dini?

Na mbona huwa kwa mabibi wanaoishi peke yao? Kwa sababu nyumba zao ni kimya. Miembe yao ni ya zamani, ina matundu. Mapaa yao yamechakaa na hakuna kijana wa kuyaziba. Bundi hutafuta tundu tulivu lililo karibu na panya. Alichokiona pale ni umaskini na upweke wa bibi yule. Nasi tulipaswa kuuona kabla yake.

Tulivyorudi kwa bibi

Baada ya kuyasoma haya tuliona haitoshi kuyasema mimbarini peke yake. Tulikwenda kwa yule bibi baada ya sala ya Ijumaa, pamoja na baba wa mtoto na wawili katika wale vijana. Tukabisha hodi, tukamwamkia, tukaketi mkekani. Tukamwambia kuwa tumekuja kutaka radhi. Ya kwamba ndege yule alikuwa ni ndege tu. Na ya kwamba sisi ndio tuliokuwa na maarifa tukayaficha.

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Wanangu, bundi yule namsikia tangu marehemu mume wangu yu hai. Huyo mwembe ni wake kuliko wangu. Tangu mmemwua, panya wamekula mbegu zangu zote za mahindi. Mimi sikuwahi kumtuma popote. Lau ningekuwa na wa kumtuma, ningemtuma aniletee maji, kwa kuwa kisimani hamnisogelei tena."

Hakuna aliyeinua macho. Vijana wale wawili walitoka kimya, wakachukua ndoo zake, wakaenda kisimani. Baba wa mtoto alimletea mbegu siku ya pili yake. Hatusemi kuwa kwa hayo kila kitu kilirudi kama kilivyokuwa. Neno likishatoka kinywani halirudi. Lakini katika hitima iliyofuata bibi alikuja, akawekwa katikati ya wenziwe.

Ndugu zetu, yako mambo tunayowausia nyinyi na kuziusia nafsi zetu.

Kwanza, wazazi wayajue wanayoyacheza watoto wao. Keti na mtoto, mwulize huyu ni nani na anafanya nini, kisha umwekee mipaka ya sala, ya masomo na ya fedha. Kumkataza mtoto kitu usichokijua ni kumfundisha kukificha.

Pili, watoto waonyeshwe ndege wa kweli. Tulipowauliza wanafunzi wetu majina ya ndege wa mchezo walitaja wengi bila ya kupumua. Tulipowauliza juu ya hudhud aliyemletea Nabii Sulaiman a.s. khabari ya malkia wa Sabaa, na kunguru aliyemwonyesha mwana wa Adam namna ya kumzika nduguye, walitazamana. Kosa hili ni letu, si la simu.

Tatu, ndege asipigwe kwa mchezo wala kwa nuksi. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Abdallah bin Umar r.a. aliwapita vijana waliomfunga ndege wakimlenga mishale. Walipomwona wakatawanyika, naye akawakumbusha kuwa Bwana Mtume s.a.w. amemlaani mwenye kukifanya kitu chenye roho kuwa shabaha.

Nne, mtoto akipata homa apelekwe zahanati siku ile ile. Lau mzee yule angeendelea kumtafuta aliyemtuma bundi, pengine leo tungekuwa twasimulia msiba.

Tano, na hili ndilo kubwa, ulimi uzuiliwe. Kumwambia bibi mwenye nywele nyeupe kuwa ni mchawi, kwa ushahidi wa ndege, ni dhulma na uzushi. Na siku ya Kiyama ndege hatakuwa na la kujibu. Atakayejibu ni msemaji.

Yule mtoto wa daftari amechora picha nyingine. Safari hii ni mwembe wa bibi, na juu yake kisanduku cha mbao ambacho vijana wale wamekipigilia kwa kufuata maelezo tuliyowapa. Ndani ya kisanduku hakuchora ndege. Tulimwuliza mbona ameacha tupu. Akajibu kuwa bado hajaja. Hatukumchania.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tulipojua tukanyamaza, aziondoe nyoyoni mwetu khofu za asiyekuwa Yeye, na awape watoto wetu maarifa kuliko tuliyopewa sisi. Amin.